Chupa Iliyobaki Imejaa

Ninamshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili unaouma na akaweka katika ardhi yake vitu vya kuutuliza. Sifa ni zake katika afya na katika maradhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Katika nyumba yetu hapa Tarime majina ya dawa yalikuwa machache. Panado ilikuwa ya kichwa. Diklofenaki ilikuwa ya mgongo wangu, maana nimeinamia cherehani tangu ujana. Ganzi ni ile sindano ya kung'olea jino, mdomo unakuwa kama wa mtu mwingine. Na nusukaputi niliijua siku nilipopasuliwa ngiri. Nilianza kutamka shahada pale mezani, nikafika katikati, nikapotea. Nilipozinduka nilijiuliza: kama ningekufa pale, ningekwenda na nusu ya shahada? Hofu hiyo sikumwambia mtu.

Mwaka jana mke wangu aligundulika ana saratani, nayo ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Hospitalini walisema hawawezi kuiondoa, ila maumivu yanaweza kutulizwa. Mfamasia alifungua kabati lenye kufuli mbili, akatoa chupa ya dawa ya maji, akanitaka nitie sahihi kwenye daftari. Dawa nilizozoea hupitishwa dirishani kwenye bahasha ndogo.

"Ni nini hii?" nikauliza.

"Mofini, mzee. Mpe kila baada ya saa nne. Usisubiri mpaka aumwe."

Nilipitia msikitini kwa swala ya Adhuhuri. Tulipotoka nikamwonyesha jirani yangu. Alinirudishia chupa haraka kama imemchoma.

"Hii ndiyo dawa ya kuagia! Shemeji yangu alipewa, hakumaliza wiki. Tena ni katika hizo za kulevya. Wewe mwalimu wetu wa madrasa utampimia mkeo kilevi?"

Habari ya kilevi haikunisumbua sana. Hukumu ya dharura, kwamba mgonjwa huruhusiwa kilichokatazwa, naijua, nimeifundisha. Kilichonitisha ni neno lile, kuagia. Nilimwona mawazoni mke wangu amelala kama nilivyolala mimi mezani, shahada imekatika mdomoni, na mkono uliomnywesha ni wangu. Nikaiweka chupa juu ya kabati la nguo. Nikajiambia nitampa akiomba.

Hapo ndipo nilipokosea. Mke wangu ni Mkurya, mzaliwa wa Matongo. Alisilimu tulipooana, lakini malezi hayakumtoka. Kwao mtoto hufundishwa mapema kwamba maumivu hayaonyeshwi usoni, na aliyelia mbele ya watu husemwa mpaka uzeeni. Amenizalia watoto sita na majirani hawakuwahi kusikia sauti. Nilimjua hivyo miaka yote, na bado nikangoja aombe.

Siku tatu nilimuuliza, "Mama, inauma?" Siku tatu akajibu, "Kidogo." Nami nikalipokea jibu hilo kwa furaha, Mungu anisamehe, kwa sababu liliniruhusu kutoigusa chupa.

Siku ya nne asubuhi muuguzi alikuja kwa bodaboda kumwangalia. Ni binti wa Kikurya, Mkristo, mcheshi.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Dawa iko wapi?"

Nikaishusha. Akaiinua mlangoni kwenye mwanga.

"Mbona imejaa?"

"Hajaomba," nikasema.

Muuguzi akaketi kitandani. "Bibi, kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi?"

"Mbili."

"Hiyo ni mbili ya Kikurya. Nipe ya hospitali."

Muuguzi akakifungua kiganja cha mke wangu taratibu. Ndani kulikuwa na ncha ya kitenge, imetafunwa mpaka imebaki nyuzi.

"Bibi, hapa hakuna wazee waliosimama kukutazama kama utalia. Sema."

"Tisa," akasema. Machozi yakamtoka, na mimi sikuwahi kuyaona. Kisha akanigeukia. "Siku tatu sijaswali, hata kwa ishara. Naanza Alhamdu, nikifika katikati maumivu yananinyang'anya. Narudia, yananinyang'anya tena."

Kile nilichoogopa dawa itamfanyia, maumivu yalikuwa yakimfanyia mbele yangu, na mimi ndiye niliyeyaachia.

Nikamweleza muuguzi hofu yangu yote. Hakucheka. "Babu, nusukaputi inamwondoa mtu ili apasuliwe. Dawa ya usingizi inamlaza. Hii kazi yake ni maumivu. Inahesabiwa katika za kulevya kwa kuwa wapo wanaoitumia bila ugonjwa, ndiyo sababu ya kufuli. Shemeji wa jirani yako aliondoka na ugonjwa wake, sidhani kama ni dawa. Sasa huyu atasinzia, hajalala siku ngapi? Ila ukimwita haamki, au pumzi zikiwa chache mno, nipigie hapohapo."

"Kwa baba yangu alikuja kuniposa bila woga," mke wangu akasema kwa sauti ndogo. "Leo anaogopa chupa."

Muuguzi alitaka nipime mwenyewe. Nikavuta dawa kwa bomba dogo la kupimia, tone likanidondokea kidoleni. Nikasema Bismillahi, nikamnywesha.

Alilala kabla ya Adhuhuri. Muuguzi akaenda. Siku hiyo niliswali kando ya kitanda, na baada ya salamu sikuinuka. Nilikuwa nasikiliza pumzi. Zilikuja polepole. Kila pumzi ilipochelewa nilimshika mkono na kumwita, naye akaguna, nikamwacha, nikaanza kuogopa upya. Sijawahi kuogopa kiasi hicho.

Ilipoingia Alasiri alifungua macho, akaomba maji. Nikamsaidia kutawadha, nikamgeuza kuelekea kibla. Swala hiyo husomwa kimya, lakini alinong'ona, nadhani makusudi, ili nisikie. Alipokaribia katikati ya Alhamdu nikaizuia pumzi yangu. Akapita. Akafika mwisho, akasema Amina, akaingia sura nyingine.

Yuko chumbani sasa ninapoandika. Ugonjwa haujaondoka, na kila baada ya saa nne, kabla ya kumpa dawa, bado namtazama kifua kwanza.

Wewe unayesoma, Mungu akuhifadhi wewe na watu wako. Ukiumwa, akupe wa kukaa karibu nawe ambaye hofu yake haikuzidishii maumivu. Na ulimi wako aufikishe mwisho wa kila dua unayoianza. Amina.