Editha na Semina ya Chombo Kimoja

Hapa Bigwa tulikuwa tukisema Editha hudharau kwanza, ndipo husalimia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mzaliwa wa Mgeta huko milimani, na kabla hajaolewa alipika miaka kumi na mmoja kwenye nyumba ya mapadri. Huko alijifunza mambo mawili: kuoka nyama kwa moto wa juu na chini, na kumtazama mtu mzima mpaka aanze kukagua vifungo vya shati lake.

Mumewe, Tomasi, alikuwa mpole kupita kiasi. Alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha nguo mjini, akapanda pole pole mpaka akawa msimamizi wa zamu. Mwaka wa tisini na nne, viwanda vya umma vikitafutiwa wanunuzi, wafanyakazi wakakusanywa getini wakasomewa majina. Aliyesoma alikuwa karani wa utumishi, kijana aliyeitwa Evance. Alisoma majina mia mbili na kitu kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba, kisha akafunga faili na kusema, "Ndugu zangu, sasa ni wakati wa kila mtu kujiajiri." Tomasi akarudi nyumbani na mfuko wa nailoni, ndani yake ovaroli na kikombe cha chai.

"Ukamjibu nini?" Editha akamuuliza.

"Ningemjibu nini, Mama Yustina? Nilisema asante."

"Asante!"

Neno hilo alilirudia wiki nzima. Alilisema akiwamwagia nguruwe pumba, alilisema akifunga mlango, alilisema hata kanisani, pole pole, wakati wengine wanasema amina. Mtoto wao wa pekee, Yustina, alikuwa ameolewa Kilosa, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba wa kugawana naye dharau hiyo. Yote ilimwangukia Tomasi.

Wakaishi kwa nguruwe wao wachache na bustani ya mchicha. Asubuhi Tomasi alikata majani ya nguruwe, na baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Alivuta kigoda akakaa mlangoni pa jiko. Mara moja moja aliomba kisu asaidie.

"Unamenya kiazi au unachonga mwiko?" Editha alimwambia, akakichukua kisu chake.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo tukatangaziwa semina. Enzi zile semina zilikuwa kama mvua za vuli. Hujui zinatoka wapi, unatoka tu na ndoo yako. Hii ilikuwa ya lishe na ujasiriamali kwa akina mama, na ilisemekana kuna soda. Tukaenda, karibu wanawake arobaini, kwenye uwanja nyuma ya ukumbi wa mtaa. Watu wa mradi walikuwa wamejenga tanuri la matofali ya udongo, na mbele yake wameweka meza yenye kitambaa cheupe. Gari dogo likasimama, akashuka mtaalamu. Alikuwa Evance.

Alikuwa amenenepa. Alivaa tai yenye milia, na kwapani kabana karatasi kubwa za michoro. Tomasi alikuwa amekuja kubeba maji. Alipomwona tu akasimama, akafuta kiti kwa kiganja, akakisogeza. "Karibu bosi," alisema. "Habari za siku nyingi, bosi."

Evance akakaa. Mzee aliyeweza kuwa baba yake mdogo hakupata hata shikamoo. Alipewa kopo la mafuta ashike.

Sisi tuliokuwa karibu na Editha hatukumtazama usoni. Tulimtazama mikono, nayo ilikuwa imetulia juu ya khanga.

"Akina mama," Evance akaanza, "tatizo lenu kubwa jikoni ni kupoteza muda. Leo nawaletea teknolojia rahisi. Chombo kimoja! Nyama na mboga zote pamoja, chombo kimoja, mlo kamili wa familia."

Tukatazamana. Hapakuwa na mwanamke pale mwenye sufuria kubwa zaidi ya moja.

"Mwanangu," Editha akasema kwa upole uliotutisha, "na sisi ulidhani tunapikia vyombo vingapi?"

Watu wakacheka. Evance naye akacheka, maana alidhani anataniwa. Akafunua beseni la nyama, akatangaza kwamba ni nguruwe, kwa kuwa wafadhili wanahimiza ufugaji wa nguruwe. Hapo jirani yetu Mwanvita, muuza ndizi mbivu, akainua mkono. Nyuma yake walikuwa wamekaa wenzake wa msikitini, nusu nzima ya uwanja.

"Samahani baba," alisema. "Na sisi wengine tumeitwa kutazama?"

Evance akapekua karatasi zake. Kwenye karatasi hakukuwa na jibu. Akasema watapewa soda mbili mbili. Mwanvita akajitandia ushungi wake vizuri, akasogeza kiti mbali na moshi wa tanuri, akabaki. Baadaye alituambia hakubaki kwa ajili ya soda. Alibaki kwa ajili ya Editha.

Basi mapishi yakaanza. Nyama ilikatwa mapande kama ya kugawia msibani. Akaipanga kwenye sinia la bati, akamwagia mafuta ya kopo juu ya mafuta ya nguruwe mwenyewe, kisha akatupia kila kitu kwa pamoja: viazi vizima, karoti, vitunguu, nyanya, hoho, kabichi. Akamalizia kwa vikombe viwili vya maji. Sinia likasukumwa ndani ya tanuri lililokuwa bado linatoa miali. Tukafundishwa ujasiriamali. Tulipotoka kwenye ujasiriamali, sinia likatolewa.

Kabichi ilikuwa mkaa. Nyanya zilikuwa zimekufa kabisa, hazikuacha hata maganda. Chini yake maji yalikuwa bado yanacheza, na karoti zilikuwa ngumu kama zilipotoka shambani. Evance akakata pande moja la nyama, akalipamba kwenye sahani, akamnyooshea Editha mbele ya wote.

Editha akalibonyeza kwa kidole. Maji mekundu yakatoka.

"Huyu nguruwe ni mbichi," alisema. "Mara ya kwanza ulituua kwa karatasi. Leo umekuja kutumalizia kwa minyoo?"

Evance akamtazama, kisha akamtazama Tomasi na kopo lake la mafuta, na tukaona anaanza kukumbuka. Akailegeza tai yake.

Editha hakusubiri ajibu. Alituma watu nyumbani kwake wakalete sufuria yake pana, mfuniko na mkaa. Akayakata yale mapande upya, madogo, kila kipande na mafuta yake. Akaisugua nyama chumvi, kitunguu swaumu na limao. Akailaza kwenye sufuria kavu, upande wa mafuta chini, bila tone la maji wala la mafuta ya kopo, mpaka ikaanza kujikaanga yenyewe. Juu yake akaweka viazi na karoti alizozikata sawasawa, na vitunguu vilivyopasuliwa kati. Akafunika. Makaa machache akayaacha chini, mengi akayapanga juu ya mfuniko.

"Sasa mnaiacha," alitwambia sisi, siyo Evance. "Anayefunua funua hana kazi ya kufanya."

Nyama ilipoiva hata mfupani na viazi kubadilika rangi, ndipo akatia hoho na nyanya, na mwisho kabisa kabichi, ipate joto tu. Harufu ikavuka barabara. Tuliokula tulikula kwa vidole, tukilamba. Evance alikula sahani mbili, na alipomaliza, akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alisimama akasema shikamoo.

"Shikamoo mama. Nina kata sita za kuzungukia. Njoo tufanye kazi pamoja. Wewe upike, mimi nieleze. Mradi utakulipa."

Ilikuwa kazi. Siku zile neno kazi lilikuwa linasikika redioni tu. Tulimwona Tomasi akisogea mbele hatua moja, macho yamemtoka.

"Ueleze nini?" Editha akamjibu. "Wewe hujui hata nyama inapoanzia. Nenda na sinia lako. Kajiajiri."

Tulipiga vigelegele, lazima niseme ukweli. Ilikuwa tamu kusikia. Tomasi peke yake hakucheka. Aliweka kopo mezani, akaenda nyumbani bila ndoo zake.

Kesho yake asubuhi alivaa shati la Jumapili, akamfuata Evance mjini, akamwomba ile kazi ya kupika. Evance, ambaye kata sita zilikuwa zinamsubiri, akampa.

Hakuna siku Editha alidharau kama hizo. "Mume wangu kawa mpishi wa karani," alikuwa akitwambia kisimani kabla hatujamuuliza. "Anamkatia vitunguu mtu aliyemkata yeye." Tomasi alitoka asubuhi, akarudi jioni ananuka moshi, na maneno yote yakampita kama upepo unavyopita kwenye uzio wa mabua. Miezi minne ikaenda. Mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha. Gari halikuja tena, na tanuri la udongo likamegwa na mvua.

Siku ya kwanza ya kukaa nyumbani Tomasi hakuvuta kigoda. Aliingia jikoni, akachukua sufuria, akapika. Editha alikuwa ameketi nje na Mwanvita, akamwacha, apate cha kusimulia. Chakula kilipokuja akaonja kipande kimoja, kisha kiazi, kisha akaweka sahani chini.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Mimi sijakufundisha kitu."

"Miaka miwili nimekaa mlangoni pale, Mama Yustina," Tomasi akasema. "Wewe ulikuwa unanisema, mimi nilikuwa naangalia mikono yako." Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti, "Na kazi ile ilikuwa yako. Uliitupa ili watu wacheke. Mimi sikuwa na cha kutupa."

Mwanvita anasema Editha aliiokota tena ile sahani, akala mpaka ikaisha.

Mwezi uliofuata Tomasi akajenga kibanda cha mabanzi kando ya barabara, nyuma kidogo, mahali pasipoudhi majirani wasiokula nguruwe. Aliuza mchana tu. Watu wa gereji na madereva wa malori ya mchanga wakapajua. Editha alikaa nyumbani wiki mbili nzima. Wiki ya tatu alipita njiani akienda sokoni, akaona karoti ubaoni zimekatwa nene, akaingia, akachukua kisu. Hakutangaza kwamba amekuja kazini, na jioni hakusema kama atarudi. Alifanya kazi pale miaka tisa.

Wateja aliwatukana sawasawa, mkubwa na mdogo. Anayetaka nyama kabla haijaiva aliambiwa akale ng'ombe wa hotelini. Anayeomba pilipili kabla ya kuonja alinyang'anywa sahani. Tomasi alikuwa akicheka chini chini na kuwaongezea viazi.

Siku moja jua kali, Tomasi akiwa ameenda kuleta mkaa, Editha alitoka akakaa kwenye kivuli cha genge la Mwanvita, akajipepea kwa kipepeo cha ukindu.

"Anajua kupika yule," alisema. "Nimeitafuta kasoro mwaka mzima, sijaiona. Usimwambie."

Mwanvita hakumwambia Tomasi. Alituambia sisi wengine wote.