Bei ya Kipanya Chenye Kitanda

Mama aliposema anataka kwenda Newala kumwona dada yake, tulijua kusafiri kwa basi hakuwezekani. Nyonga yake haimruhusu kukaa kitini zaidi ya saa moja. Mimi na ndugu zangu tukachanga, tukakubaliana litafutwe gari ambalo mama anaweza kulala njia nzima, na kazi ya kulitafuta nikaachiwa mimi. Nauza vifungo na zipu Kariakoo, na wao wanaamini kila kitu duniani kinapita mbele ya meza yangu.

Safari hii hawakukosea. Mteja wangu mmoja, mshona mapazia, aliniambia kuna mzee Ilala anauza kipanya, kile kibasi cha daladala, chenye kitanda ndani. Nikaenda jioni ile ile. Mzee aliwahi kuendesha winchi bandarini. Alipostaafu alinunua kipanya kilichochoka kubeba abiria, akang'oa viti vyote, akajenga ndani kwa mikono yake mwenyewe: kitanda cha watu wawili, makabati, sinki dogo, jiko la gesi. Miaka tisa yeye na mkewe walizunguka nacho nchi. Sasa macho yake hayaiwezi tena barabara. Alitaka milioni thelathini.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua bei ya kitu kama kile. Dalali wa kwanza niliyemuuliza alisema kipanya kisicho na viti ni kipanya pungufu, kwa hiyo nikate pesa ya viti. Wa pili akasema nikikipiga rangi naweza kukikodisha kwa watalii, hata thelathini na tano si ghali. Nilirudi kwenye meza yangu nikawa nawapimia watu zipu huku nimechanganyikiwa kuliko mwanzo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda na fundi magari kutoka mtaa wa Gerezani, pamoja na mama, ambaye alikataa katakata kuachwa nyumbani. Fundi hakusema mengi. Alitoa sumaku mfukoni akaipitisha taratibu kwenye bodi. Penye bati ilinasa, penye puti, ule udongo wa kuzibia bati lililooza, ikateleza. Mlango wa nyuma ulikuwa puti tupu. Akalala chini akagonga chasisi, akawasha injini, akasimama nyuma kutazama moshi. Kisha akanivuta pembeni. Injini nzima, akasema, kutu iko kwenye ngazi tu, matairi mawili yamekwisha. Kipanya kitupu cha umri ule yeye angetoa milioni kumi na tisa.

"Na hivi vilivyomo ndani?" nikamuuliza.

"Hivyo sivijui, dada. Mimi ni fundi magari."

Wakati huo mama alikuwa ameshapanda na kujilaza. Akatuma neno kwamba anataka gari litembee. Fundi akashika usukani, mzee akakaa mbele, mimi na mkewe tukakaa miguuni kwa mama, tukaelekea Mnazi Mmoja. Foleni ikatukamata Mtaa wa Uhuru. Mama alikuwa amefungua pazia, kichwa kwenye mto, akitazama mitumba na masufuria yakipita taratibu dirishani kama malkia anayekagua mji wake. Vijana wa bodaboda waliosimama ubavuni wakamwamkia shikamoo bibi, naye akawaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Wakacheka, naye akacheka, mpaka kitanda kikatikisika. Ilikuwa muda mrefu sijamwona mama akicheka hivyo.

Tulipoegesha, mke wa mzee akachemsha chai ya tangawizi pale pale kwenye jiko la gari. Nikanywa nusu kikombe, nikajikaza, nikataja milioni ishirini.

Mzee hakukasirika. Alianza kunieleza thelathini yake imetoka wapi. Kabati hili alilirekebisha Kilwa, baada ya mvua ya siku tatu. Pazia hili mkewe alilinunua Mbeya walipokuwa wakitetemeka kwa baridi. Hapa kwenye ukingo wa kitanda, mjukuu wao alijifunzia kusimama. Aligusa kila kitu akikitaja, na mimi nikaona aibu kwamba nilikuja na sumaku.

Mama ndiye aliyesema, bado amelala vile vile.

"Baba, hizo safari mmeshazifaidi wenyewe. Sisi tuuzie gari."

Kisha mke wa mzee akaangua kicheko, ikabidi aweke kikombe chini, akamwambia mumewe kwamba amekuwa akimweleza hilo tangu mwezi uliopita. Mzee akashuka. Alizunguka kipanya chake mara moja, polepole, akiburura kiganja kwenye bati. Aliporudi alisema ishirini na mbili.

Fundi alinikonyeza, maana yake niseme ishirini na moja. Nikafungua mdomo, lakini mama akaniwahi.

"Mwanangu hajahesabu kitanda," alimwambia mzee. "Mimi nimekilalia, nyonga imetulia. Tutatoa ishirini na tatu."

Sijawahi kumsikia mtu wa Kariakoo akipandisha bei ya anachonunua, na mama aliuza vitenge pale miaka thelathini. Fundi aliegemea usukani akitikisa kichwa. Mzee alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili.

Wiki mbili baadaye tulishuka Kusini, kaka yangu akiendesha. Kila tuliposimama mama alitaka chai ipikwe, hata pale ambapo kulikuwa na mgahawa hatua kumi mbele. Newala, mama mkubwa alitoka nje akiwa na unga mikononi. Badala ya kusubiri tumteremshe dada yake, alipanda yeye. Jambo la kwanza aliuliza bei. Alipoambiwa, akasema tumepigwa.

Kisha akajinyoosha kando ya mama kujaribu godoro. Akauliza safari ya kurudi Dar ni lini, na kama kuna nafasi.