Ushauri Aliopewa Asajile

Watu wa Tukuyu walimjua Samira tangu akiwa binti wa Mzee Hamis, muuza vitenge wa sokoni, na hawakushangaa aliposomea sheria, maana hakuwahi kukubali kushindwa maneno. Kilichowashangaza ni pale alipoacha kazi ya serikali. Kwa miaka mingi alikuwa wakili wa serikali huko Mbeya, akiendesha mashtaka ya rushwa na ubadhirifu, na waliokula mali ya umma wakisikia jina lake walianza kutafuta mawakili. Halafu akarudi nyumbani, akafungua ofisi yake karibu na stendi, akaanza kuwatetea watu wa aina ile ile aliyokuwa akiifunga.

"Kitenge ni kilekile," baba yake alimtania, "umekigeuza upande tu."

Wateja walimfuata kwa sababu hiyo hasa. Alijua upande wa pili unavyowaza. Zaidi ya yote alijua kwamba shtaka la uhujumu uchumi likichanganywa na utakatishaji fedha, dhamana hakuna. Mtu analetwa mahakamani, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudishwa mahabusu; tena na tena. Alishawaona walioingia na vitambi wakakonda kabla shahidi wa kwanza hajaitwa.

Asajile aliletwa kwake na jambo kama hilo. Alikuwa mtunza ghala wa chama kidogo cha wakulima wa kahawa kule Masoko, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Msimu ule mbolea ya wakulima ilifika nusu. Dereva, ambaye walizoeana, alimwambia gari la pili liko njiani. Wakulima walikuwa wamesimama mlangoni wakinyeshewa, basi Asajile akasaini kwamba amepokea yote ili awahi kuwagawia. Gari la pili halikuja, na dereva naye akayeyuka. Wachunguzi walipokuja, walimchukua Asajile pamoja na mwenyekiti wake, Obed.

"Mimi sikuiba, mama," Asajile alimwambia Samira siku ya kwanza gerezani.

"Najua, mzee wangu. Lakini sahihi ni yako."

Miezi ikapita. Mama yake Asajile akaugua, akalazwa hospitali ya Igogwe, akawa anamtaja mwanawe kila akizinduka. Hapo Samira aliona mlango. Alikwenda kuzungumza na waendesha mashtaka, wengine wao aliwafundisha kazi mwenyewe, akarudi na makubaliano mazuri: Asajile akiri kosa dogo la wizi, alipe fidia, aende nyumbani.

"Nikiri nini?" Asajile aliuliza. "Mimi mwizi?"

"Unakiri ili utoke. Kesi hii inaweza kula miaka. Mama yako hana miaka."

Akakataa. Mtu mwingine angeishia hapo. Samira aliwasha gari akashuka Masoko, akamkuta mke wa Asajile, Sekela, shambani anachuma kahawa.

"Mimi nitamsubiri, dada," Sekela alisema. "Akirudi na jina lake, mengine tutayapanda upya."

Samira hakumsikiliza. Alizungumza naye kama alivyojua kuzungumza mahakamani, akimwonyesha mama mkwe kitandani, akimwonyesha jeneza linashuka na mwana wa marehemu hayupo, mpaka Sekela akakaa chini kwenye majani makavu ya migomba, analia. Kesho yake akampeleka Mbeya kwa gari lake mwenyewe. Sekela alichomwambia mumewe kwenye chumba cha wageni cha gereza, Samira hakukisikia. Alimwona tu Asajile akiinamisha kichwa, kisha akatamka: "Haya. Niandikieni."

Mahakamani hakimu alimuuliza kama anakiri kwa hiari yake.

"Kwa hiari yangu."

"Ulichukua mbolea hiyo?"

"Nilichukua."

Samira, aliyekuwa amesimama karibu naye, alijikuta anaangalia sakafu.

Asajile alimkuta mama yake hai, akamuuguza, na haukupita muda akamzika. Kanisani aliombwa apumzike uzee wa kanisa. Hakuna aliyemtukana, njiani walimsalimia kama kawaida, ila salamu zikawa fupi.

Obed, aliyekuwa na wakili mwingine, alikataa katakata kukiri. "Huyo atazeekea ndani," Samira aliwahi kusema, na alisema kwa kujiamini. Kumbe dereva alikuja kukamatwa Tunduma, akamwaga kila kitu: mbolea ilishushwa njiani usiku, watu wa chama hawakujua lolote. Serikali ikaondoa mashtaka. Obed alipokelewa Masoko kwa vigelegele, na Asajile alikuwepo barabarani, akipiga makofi na wenzake.

Wanachama wakaitisha mkutano, wakamwalika Samira awashauri. Obed ndiye aliyesimama.

"Wakili, sasa tunajua sote kwamba Asajile ni msafi. Tunataka arudi ghalani. Tumrudishe?"

Samira alitamani swali lile aulizwe mtu mwingine. "Sheria hairuhusu. Aliyetiwa hatiani kwa wizi hawezi kushika nafasi hiyo."

"Lakini hakuiba!" bibi mmoja akapaza sauti.

"Alikiri, bibi."

Asajile, aliyekaa benchi la nyuma, alivaa kofia yake akatoka.

Samira alimfuata hadi nyumbani, viatu vikiwa vimejaa tope. Sekela alimwekea kiti na chai, akaenda jikoni.

"Kuna njia," Samira alisema. "Tuombe mahakama ifute. Utaeleza kwamba hukukiri kwa hiari, kwamba wakili wako alikushinikiza. Sitabisha. Wakitaka kuniadhibu, waniadhibu."

Asajile alifikiri. "Siku ile niliulizwa mambo mawili, mama. Kama ni hiari yangu, nikasema ndiyo. Hilo lilikuwa kweli. Nikaulizwa kama nilichukua mbolea, nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo. Sasa unataka nirudi nikawaambie kwamba hata lile la kweli lilikuwa uongo?"

"Mzee wangu, mimi ndiye niliyemleta Sekela. Nilijua utashindwa kumkatalia."

"Najua. Mama yangu nilimzika mwenyewe, na kwa hilo ndaga fijo, nashukuru sana. Lakini pale sirudi."

Samira alibembeleza, akatumia kila alichokijua. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumtumia. Alipoaga, Asajile alimsindikiza hadi barabarani, kama mgeni yeyote, akamshikia mlango wa gari. Angemtukana, Samira angejua aanzie wapi kuomba radhi.

Ofisi yake ingali palepale, na wateja hawajapungua. Mtu akimuuliza, "Wakili, nikiri?" humwambia aende akazungumze na watu wake kwanza, nao wazungumze bila yeye kuwepo. Wengine huona ameanza kuchoka, wakaenda kwa mawakili wanaojibu haraka. Asajile siku hizi analima parachichi. Anauza kwa jina la Sekela.