Mchanga wa Matofali

Bibi hakuja Tukuyu kuishi, alikuja kungoja maji yapungue. Huko pwani bahari ilikuwa imeshaingia uani kwake, baba akamfuata. Tangu hapo nalala naye kitanda kimoja. Mvua za huku zinamnyima usingizi, na akikosa yeye nakosa na mimi.

Nyumba haililii sana. Anachowaza ni kaburi la babu, lililo nyuma ya ile nyumba, na nafasi aliyoachiwa yeye ubavuni. Mimi ananiita mke mwenza. Wageni wakiwepo ananiita kwa sauti makusudi, nione haya nikimbilie jikoni.

Juzi kaja baba mdogo na lori la kuchukua ndizi. Kanenepa. Tangu serikali iseme biashara ni ruksa, watu wa pwani wanajenga kama wamerogwa, naye anafyatua matofali ya saruji.

"Kaburi la baba yako umelifagia?" bibi akamwuliza, hata viatu hajavua.

"Mama, si nipumue kwanza."

"Nimekuuliza."

Baba mdogo akainama. "Halipo, mama. Ukingo wote umemegeka. Umekwenda na maji."

Nilikuwa nimeshika birika la chai, nikawa sijui niliweke wapi.

"Na mchanga wa matofali unachota wapi?"

"Si pale pale ufukweni. Kila mtu anachota. Nikiacha mimi watachota wengine."

"Ehee. Basi hao wateja wako waambie wasipigilie misumari ovyo. Baba yako yumo ukutani mwao."

Baba akakohoa.

Jioni bibi akanishika mkono, twende makaburi ya Waislamu, kule Ibighi. Manyunyu hayakukatika. Akakanyaga udongo kwa kidole gumba cha mguu, maji yakachuruzika.

"Mke mwenzangu, mume wetu kachukuliwa na bahari, mimi nije kulala topeni."

Nikamshika kiwiko asiteleze.

Akazunguka, akasimama kwenye kamteremko. "Hapa. Maji hayatuami. Mwambie baba yako. Mimi nikisema atadhani nimemkasirikia mdogo wake."

Mpaka leo sijasema. Lori halijajaa, baba mdogo bado yupo, na kila nikimfuata baba nawakuta wako wote wawili. Nageuka. Bibi ananitazama mlangoni, ananiuliza kwa macho. Natikisa kichwa: bado.