Ndoo ya Magurudumu ya Absalom

Kuna wanaume wasiokubali kuinama hata kama kilichoanguka chini ni heshima yao wenyewe. Absalom alikuwa mmoja wao. Mwaka 1957 alikuwa msaidizi wa seremala katika hospitali ndogo ya misheni nje kidogo ya Thika, na mkewe, Nafuna, alikuwa akipiga deki wodi ya wanawake hapohapo.

Nafuna alikuwa taabani. Dawa ya kuua vijidudu ilikuwa imemchubua mikono, na kila alipokamua ufagio wake wa nyuzi aliuma meno. Kwa hiyo alichelewa. Metroni, Mzungu asiye na subira, alikwisha kumwonya kwamba daktari akikuta tena sakafu ina maji, kazi atapewa mwingine. Nafuna alimwomba mumewe jambo moja tu: apite wodini asubuhi, kabla ya kuingia karakana, amkamulie.

"Mama Nekoye," Absalom alimjibu, "kwetu mwanamume hashiki vyombo vya deki. Lakini hiyo ndoo nitaichunguza."

Akaichunguza kweli, miezi mizima. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa wodi, mkewe akiinama mbele yake, naye akimweleza kila aliyepita kasoro za vifaa. Ndoo ni nyembamba chini, ndiyo maana inapinduka. Mpini ni mfupi, unavunja mgongo. Nyuzi za mkonge ni ngumu, hazinywi maji, zinayasukuma tu kutoka ukuta huu hadi ule. Yote yalikuwa kweli, na hapo ndipo uovu ulipo: mtu anayeona kosa sawasawa na bado hanyanyui mkono ana hatia kubwa kuliko kipofu.

Jioni alikwenda kwa Kagwe, fundi wa mabati mjini, akamsimamia mpaka saa ya kafyu ya Hali ya Hatari ilipokaribia. Kagwe alimtengenezea ndoo pana yenye bakuli la mabati lililotobolewa juu yake. Ukitia nyuzi humo na kukanyaga kibao, zilibanwa mpaka maji yote yakashuka. Nyuzi za mkonge zilitupwa, zikawekwa za blanketi kuukuu.

"Rafiki, sasa umeipa magurudumu manne," Kagwe alimwambia. "Hii utaikatia leseni, ama ile ya baiskeli itatosha?"

"Wewe kata mabati."

Siku ya kuionyesha, ndoo ilifanya kazi vizuri. Metroni aliizunguka, akakanyaga kibao mwenyewe, akacheka. Nafuna alikwisha kuushika mpini, uso umemkunjuka. Ndipo metroni akauliza ni nani hasa angekabidhiwa mashine hiyo.

Neno hilo, mashine, lilimpanda Absalom kichwani kama pombe.

"Mimi, memsaab," alisema. "Huyu mama ataiharibu."

Huyu mama: mke aliyemuoa kanisani, aliyemzalia Nekoye. Basi yule asiyeshika vyombo vya deki alivaa kaki mpya, akapiga deki kila asubuhi, kwa kuwa sasa kulikuwa na kibao cha kukanyaga. Nafuna aliachishwa kazi wiki hiyo. Mumewe alimwambia ashukuru, mikono itapona.

Ilipona. Ilipona Ruiru, kwenye shamba la kahawa, ambako alipata kazi ya kuchuma na chumba kambini, akaenda na binti yake. Absalom alibaki katika chumba chao cha hospitali, na haikupita muda majirani wakawa wanaongea naye wakiwa nje, maana ndani vumbi jekundu lilikuwa limechanganyika na maji ya sufuria hadi viatu vikawa vinanata.

Jumapili moja alikwenda Ruiru. Alimkuta Nafuna akimsuka Nekoye, akamweleza kwa maneno mengi kwamba nyumba bila mwenyewe si nyumba. Nafuna hakuacha kusuka.

"Baba Nekoye, umekuja mwenyewe ama sakafu ndiyo imekutuma?"

Absalom alisema mwanamume hawezi kuinama na tambara majirani wakimwona. Nafuna alimaliza kusuka. Alimpa chai, akamsindikiza hadi langoni mwa kambi.

Mtu mwingine angejifunza kitu njiani. Kesho yake Absalom alifika kwa Kagwe na kamba aliyoifunga fundo, akitaka akatiwe mabati ya ndoo nyingine, ndogo. Alikuwa amepima nayo upana wa chumba chake.