Jimu ya Kuanguka

Pontien alikuwa na tabia ya kusema mambo makubwa wakati mikono yake iko kwenye kazi ndogo. Siku aliyomposa Libérate, kule Bujumbura, alikuwa anamrudishia mnyororo wa baiskeli uliochomoka. Siku aliyomwambia kwamba wanahamia Afrika Kusini, alikuwa anamenya ndizi. Kwa hiyo jioni moja mwishoni mwa mwaka 2011, katika fleti yao ya Albert Park, Durban, Libérate alipomwona anasugua sufuria moja muda mrefu kuliko sufuria yoyote inavyohitaji, aliacha kukunja nguo akasubiri.

"Mama Annick," Pontien akasema bila kugeuka. "Nataka kufungua jimu yangu."

"Jimu ya nini?"

"Ya cheerleading. Kwani mimi najua nini kingine?"

Mchezo huo ndio uliokuwa unawalisha. Ni sarakasi na dansi na kelele za kushangilia, vyote pamoja: watoto wanabiringika, wanabebana mpaka mmoja anasimama juu ya viganja vya wenzake akitabasamu kama vile yuko ardhini, kisha anaachiwa na kudakwa. Ujanani Pontien alikuwa mwanasarakasi katika kituo cha vijana cha parokia. Alipofika Durban alilinda magari kwenye maegesho, na hapo ndipo Kogie Moodley alipomwona. Mtoto mmoja aliteleza kutoka juu ya ukuta, Pontien akamdaka, na chupa ya maji aliyokuwa ameibana kwapani haikudondoka. Kogie alikuwa mwanamke wa Isipingo mwenye sauti ambayo ingeweza kuilazimisha robot, ile taa ya barabarani, igeuke kutoka nyekundu kuwa kijani, na alikuwa na jimu kubwa huko Queensburgh. Alimwajiri papo hapo. Tangu siku hiyo kazi ya Pontien ikawa kusimama chini na kudaka watoto wa watu.

"Miss Kogie amekukosea?" Libérate akauliza.

"Hajanikosea kitu. Ila anawapandisha watoto juu mapema mno, kwa sababu mashindano hayamngoji mtu. Mimi nataka wajifunze kuanguka kwanza."

"Watu watoe pesa zao ili watoto wao wafundishwe kuanguka?"

"Watatoa."

"Baba Annick, vraiment, kweli kabisa..." Libérate akasema, akarudia kukunja nguo.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Queensburgh tayari ilikuwa na jimu ya Kogie na nyingine mbili, na Pinetown ilikuwa na yake. Waligombania watoto waziwazi. Makocha waliibwa kama kuku. Wazazi walihama na watoto wao kama waumini wanavyohamia kanisa lenye kwaya nzuri zaidi. Kombe moja tu likiwekwa dirishani, ukoo mzima unahama.

Kogie mwenyewe alikuja mpaka saluni ya Albert Park ambako Libérate alisuka nywele. Alijitupa kwenye kiti cha wateja akaanza na Kiingereza chake cha haraka kabla hata hajasalimia vizuri.

"Mumeo amekuja kuniaga, dada. Amenishukuru, amenikumbatia, ameondoka. Sasa mtu unamkasirikiaje mtu wa namna hiyo?"

"Hata mimi sijui, Miss Kogie. Nimejaribu."

Kogie akacheka, kisha akakaza uso. "Mwambie namfanya kocha mkuu. Akikataa, basi asitarajie huruma. Nina watu ninaowalipa mshahara. Mtoto atakayetoka kwake kuja kwangu, nitampokea."

Libérate aliufikisha ujumbe kama ulivyo. Pontien alitabasamu, akauliza mara mbili kama kweli Kogie amesema kocha mkuu, akatembea siku nzima kama mtu aliyepewa nishani. Lakini hakurudi.

Mwezi wa pili jimu ikafunguliwa, huko huko Queensburgh, katika ghala lililowahi kuwa la mazulia. Mwenye ghala aliwaachia mazulia yaliyokosa wanunuzi, Pontien akayatandika juu ya magodoro mpaka sakafu ikawa kama soko: hapa maua, pale mistari, katikati zulia jekundu lenye vichwa vya simba. Watoto walipangwa kwa mazulia hayo. "Wewe simama kwenye simba! Wewe rudi kwenye maua!" Libérate alikaanga mandazi ya kutosha watu wengi. Wakaja wachache, nusu yao wakiwa marafiki wa binti yao Annick, na mandazi mengine yakaliwa mpaka Jumatatu.

Wakaanza kuanguka. Wakaanguka kwa mbele, kwa nyuma, kwa ubavu, wakaanguka kwa kufuata muziki. Watoto walifurahi sana. Wazazi, waliokaa nje kwenye magari yao, hawakufurahi. Papa Apollinaire, Mkongomani mwenye duka la simu ambaye alivaa kila siku kama mtu anayekwenda kumpokea waziri, ndiye aliyesema kwa niaba ya wengi.

"Ndugu Pontien, Cathy wangu nyumbani anaanguka bure. Anaanguka ngazi, anaanguka kitandani. Sikuwa na haja ya kulipia."

Jina likasambaa mpaka saluni. "Mama Annick, jimu ya kuanguka inaendeleaje?" wateja walimuuliza wakijifuta machozi ya kicheko, na Libérate alicheka nao huku akivuta nywele zao kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Kufikia mwezi wa tano watoto kadhaa walikuwa wamehamia kwa Kogie, ambako wenzao walikuwa tayari wanapandishwa juu na kupigwa picha. Jumamosi moja Libérate alihesabu vichwa, akakuta waliobaki wanaenea kwenye mazulia mawili.

"Wapandishe juu, basi!" akamfokea Pontien walipokuwa wanafagia. "Mara moja tu, wazazi waone, watulie. Utakufa na kuanguka kwako!"

Pontien aliegemea ufagio. Hakuwa mtu wa kufoka, na hilo nalo lilimuudhi mkewe. "Mtoto mwenye hofu anakuwa mzito, Mama Annick. Mimi ndiye ninayedaka, nawajua. Asiye na hofu unamshika kama mto wa kulalia. Mwenye hofu anakuja kama gunia la viazi, viwiko vimetoka. Bado kidogo. Hawajawa tayari."

Libérate aliendelea kufagia kwa hasira. Kwa kuwa hasira humfanya afikiri, akawafikiria wale wazazi kwenye magari. Katika kazi yake ya saluni alijua kitu kimoja kuhusu watu: mteja akionyeshwa mtindo wa nywele kwenye picha anasitasita, lakini mwache aushike mkononi, ausikie ulaini wake, atakaa kwenye kiti mwenyewe.

"Waite waingie," akasema.

"Nani?"

"Wazazi. Wote. Wavue viatu, waanguke wao."

Pontien alimtazama kama vile ndiyo kwanza anamwona.

Wakaja Jumapili baada ya kanisa, wengine kwa udadisi, wengine kwa mandazi. Walisimama kwenye mazulia wakiwa na soksi, wamekauka kama wageni kwenye msiba wa mtu wasiyemfahamu. Soksi ya Papa Apollinaire ilikuwa na tundu, naye aliificha kwa kusimama kwa mguu mmoja juu ya mwingine. Pontien akaeleza, akaonyesha, akaomba mmoja ajitokeze. Hakuna aliyesogea.

Ndipo MaCele akasema. Alikuwa nesi, mama wa Kizulu mkubwa wa umbo na mkubwa wa heshima, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa waliobaki. "Eish, kaka. Maneno ni matamu. Lakini kama mikono yenu ni salama kiasi hicho, mpandishe mkeo."

Ghala zima likamgeukia Libérate, aliyesimama na sinia mikononi. Alitaka kusema kwamba yeye ni wa mandazi tu. Akawaona watoto wanavyomtazama, Annick akiwa wa kwanza, na macho ya Annick yalikuwa yanasema: mama, tafadhali. Akaweka sinia chini. Akaingia chooni akiwa na kitenge cha kanisani, akatoka na suruali ya michezo ya binti yake, iliyomfika kwenye magoti.

"Sawa," akamwambia MaCele. "Ila mguu huu utaushika wewe."

MaCele akakunja mikono ya gauni. Papa Apollinaire alishika mguu mwingine, tai yake akiwa ameirusha nyuma ya bega. Baba mwingine akasimama mbele. Pontien alisimama nyuma, akamshika mkewe kiunoni, akahesabu, na Libérate akapanda.

Juu kule kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa vumbi juu ya fremu za madirisha, vumbi ambalo hakuwahi kulifuta kwa kuwa hakuwahi kulijua. Kitu cha pili ni kwamba miguu yake ilikuwa inatetemeka na viganja vilivyoishika havikutetemeka.

"Usinitafute kwa macho," sauti ya Pontien ikasema kutoka chini. "Tazama mbele. Kaza mwili wote. Ukiwa tayari, lala nyuma."

Tangu wafike Durban, Libérate ndiye aliyekuwa anashika. Alishika nyumba, alishika mambo ya karatasi za ukimbizi, alimshika Annick usiku wa homa. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoacha kitu kiende chenyewe. Akakaza mwili, akafumba macho, akalala nyuma juu ya hewa.

Haikuwa safari ndefu. Mikono ilimpokea mahali pengi kwa wakati mmoja, mgongoni, mapajani, chini ya shingo, na alipofumbua macho uso wa Pontien ulikuwa juu yake kinyumenyume, unacheka.

"Mzito," akamnong'oneza.

"Nyamaza wewe."

Watoto walipiga kelele mpaka mabati yakalia. MaCele alikuwa bado ameshikilia mguu wa Libérate, kama amesahau kwamba kazi imekwisha. Kisha akasema, "Tena."

"Nani, mimi tena?"

"Hapana. Mimi."

Ilibidi watafutwe kina baba wa ziada, nao hawakumfikisha mbali, labda usawa wa viuno vyao. MaCele alipiga vigelegele njia nzima, na aliposhushwa alilala kwenye zulia la simba akicheka peke yake kwa muda mrefu.

Kuanzia hapo wazazi walidai siku yao, wakapewa Alhamisi jioni. Wakaanguka, wakadakana, na wakaelewa. Watoto walipoanza kupandishwa juu mwezi wa saba, waliowadaka ni mama zao na baba zao, na hakuna kiwiko kilichotoka. Baadhi ya waliohama walirudi. Wengine hawakurudi, na Libérate alijifunza kuwasalimia dukani bila kununa.

Mwezi wa tisa kulikuwa na mashindano katika ukumbi wa shule moja huko Pinetown. Watoto wa Pontien walitoka wa pili kutoka mwisho. Jimu ya Kogie ilichukua kombe, na kwa haki, maana walikuwa wazuri kweli. Lakini wakati wa mapumziko ya mchana wazazi wa jimu ya kuanguka waliingia wamevaa vitenge vya aina moja, Papa Apollinaire akiwa amekataa katakata kuvua tai, wakapandisha mama mmoja juu kabisa wakamdaka, na ukumbi mzima ukasimama.

Kogie alimfuata Libérate kwenye meza ya chai. Alikoroga kikombe chake bila kutia sukari.

"Nina mtoto mmoja kwenye timu, Thirusha. Alianguka mwezi wa sita. Hakuumia, lakini hapandi tena. Nikimgusa tu analia. Ni bora kuliko wote niliowahi kuwa nao." Akaweka kijiko mezani. "Nikimleta kwenu, mtabaki naye."

Libérate alijua kwamba kila jimu mjini ingebaki naye. Alijua pia mumewe angetamani kubaki naye.

"Tutamrudisha," akasema.

Thirusha alikuja, mwembamba, kimya, mikono kifuani. Wiki za kwanza aliketi tu kwenye zulia la maua akiwatazama wazazi wanavyoanguka. Alianza kucheka kabla ya kuanza kujaribu. Shule zilipokaribia kufungwa alikuwa anapanda juu ya mikono ya Pontien kama anapanda ngazi ya kwao, na akijiachia nyuma unasikia ghala zima linavuta pumzi kwa raha. Siku ya mwisho mama yake alimwambia Libérate, kwa aibu kidogo, kwamba mtoto anataka kubaki. Pontien ndiye aliyejibu. Alipiga magoti mbele ya msichana akamwambia kwamba timu yake inamngoja na Miss Kogie anamngoja, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Aliporudi ndani alishinda alasiri nzima akirekebisha bawaba ya mlango ambayo haikuwa na tatizo, na Libérate alimwacha.

Kogie hakushukuru kwa maneno. Alianza kuwaelekeza kwao watoto wadogo wanaoanza, akiwaambia wazazi, "Nendeni kwa Pontien kwanza, wakijua kuanguka waleteni." Jimu nyingine zikasema huo ni uendawazimu. Ghala likajaa.

Mashindano ya mwaka uliofuata, jimu zote mbili ziliingia katika kundi moja. Timu ya Kogie ilitangulia. Thirusha alipopanda juu, mguu mmoja hewani, mikono wazi, Pontien aliruka kutoka kwenye kiti akaanza kumshangilia kwa sauti yake yote.

Libérate alimvuta shati. "Baba Annick! Hao ni wapinzani wetu."

"Najua," Pontien akasema, na akaendelea.

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika kabisa. Watoto wake mwenyewe walipoingia uwanjani na kumtazama awahesabie mapigo ya kupanda na kuanguka, hakikutoka kitu kinywani ila upepo, Annick akaficha uso kwa aibu. Basi Libérate akaweka mkoba wake kwenye mapaja ya MaCele, akasimama pembeni mwa uwanja, akavuta pumzi, akawahesabia yeye.