Mtoto wa Kitale na Watoto wa Florensi

Likizo ile niliitaka iwe yangu peke yangu. Ukiisema hivyo inasikika kama jambo dogo, lakini kwa sisi tuliokaa Al Qusais, Dubai, katika jengo la wafanyakazi wa hoteli, hapakuwa na kitu kama hicho. Chumbani tulikuwa wanawake wanne, wote Wakenya wa bara, na likizo ya mmoja ilikuwa ya wote. Anayekwenda nyumbani alibebeshwa viatu vya shule, simu, marashi na nguo za watoto, na juu ya mizigo hiyo akatumwa macho. "Ukifika, niangalilie mama." "Niangalilie mtoto." Ulikwenda hadi kwao, ukanywa chai, ukatazama. Uliporudi ulikalishwa kitandani Ijumaa, siku ya mapumziko ya kule, baada ya kanisa, ukahojiwa: amekonda? Anacheka? Bado anakohoa? Picha zilikuja kwa posta, lakini hakuna aliyeziamini, kwa sababu siku ya kupigwa picha kila mtu huvaa vizuri.

Kazi hiyo nilishaifanya kila likizo, na kila mara nilirudi Dubai nimechoka kuliko nilivyoondoka. Isitoshe, kabla ya kuja kusimama mapokezi na kusema "welcome, sir" kutwa nzima, nilikuwa mwalimu wa historia. Nilifundisha Ulaya kwa kitabu ambacho picha zake zilikuwa nyeusi kana kwamba zimepakwa masizi. Niliwasifia wanafunzi makuba na sanamu nisizowahi kuziona, kwa ujasiri wa mtu anayesifia chakula ambacho hajakionja. Nilitaka kuonja. Sioni kwa nini mtu aombe radhi kwa hilo, na bado hapa najisikia nikiomba.

Maana safari hii aliyekuwa akinisubiri ni dada mmoja wa chumba chetu, aliyelala kitanda cha chini ya changu. Alikuwa msafishaji wa vyumba pale pale hotelini. Alikuwa amemwacha binti yake Kitale kwa bibi, kabla mtoto hata hajaanza kukaa, na tangu hapo kila likizo aliichukua kwa pesa badala ya tiketi, ili wadogo zake wasome. Sasa mtoto alikuwa chekechea. Kwetu ni Eldoret. Kutoka pale hadi Kitale ni safari ya asubuhi moja tu. Dada alikuwa ameshanunua gauni la manjano, amelikunja vizuri ndani ya mfuko.

Nilipomwambia ninakwenda Italia, aliuliza, "Huko uko na nani?"

"Sina mtu. Naenda kuona picha. Na majengo ya zamani."

"Picha." Alilirudia neno taratibu. Kisha akausukuma ule mfuko chini ya kitanda. "Sawa. Si ni likizo yako? Khalas, basi, enda."

Angenitukana, ningeondoka na moyo mwepesi.

Roma nilitembea mpaka viatu vikanitoa malengelenge. Dubai ya miaka ile ilikuwa ikijengwa usiku na mchana, winchi zimesimama kila upande, na karibu kila jengo nililolijua lilikuwa dogo kwangu kwa umri. Kule Roma winchi niliyoiona ilikuwa imewekwa kuzuia ukuta wa zamani usianguke. Paka walilala juu ya nguzo za wafalme. Watu walikaa kwenye mawe ya mahekalu wakala aiskrimu, wala hakuna aliyewafukuza. Nilijikuta nikisema peke yangu, nikiwafundisha upya wanafunzi wangu wa zamani, nikisahihisha uongo wangu mmoja baada ya mwingine. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Halafu nikaenda Florensi, na huko sikuwa nimejiandaa kwa watoto. Chumba baada ya chumba cha makumbusho, ukuta baada ya ukuta, ni Mariamu na mwanawe. Wachoraji wengine, naapa, hawakuwahi kumbeba mtoto. Waliowachora ni vizee vidogo vyenye nyuso za mahakimu. Niliwacheka. Lakini mtoto mmoja alinisimamisha. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo, mkono umeng'ang'ania shela ya mama, kidole gumba cha mguu kimejipinda juu ya goti la mama. Mama alitazama pembeni. Mtoto alinitazama mimi.

Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunikagua kwa macho. Nilikuwa nimevuka bahari kumkodolea macho mtoto wa rangi na ubao, na yule wa damu na nyama nilikataa kumpitia. Nilitoka nje, nikanunua kahawa, sikuweza kuimaliza. Na kesho yake, kwa aibu yangu, nilirudi kumtazama tena.

Ijumaa niliporudi Al Qusais walinikalisha kitandani kama desturi. Wawili walitaka udaku. "Ulaya kuko aje? Hukupata hata mzungu mmoja?" Dada aliketi mkabala nami, bado na sare ya kazi. Aliomba kuona kamera. Picha niliyompiga yule mtoto wa Florensi ilikuwa imetoka na ukungu, kwa sababu walikataza mwanga wa kamera.

"Huyu mtoto ameshika nini?"

Nikamweleza. Nilianza kwa shela, nikaja kwenye mikunjo ya mapaja, sikio lililokuwa na wekundu kidogo, kile kidole cha mguu. Nilieleza mpaka wale wengine wakasogea karibu.

"Anacheka?"

"Karibu. Ni kama anajizuia."

"Na mama yake anaangalia wapi?"

"Pembeni. Mbali."

Alitikisa kichwa, akaikodolea tena ile picha yenye ukungu, akanirudishia kamera kwa mikono miwili.

"Kumbe wewe unajua kuangalia, dada," alisema. "Hata kidole cha mguu umekiona. Hivyo ndivyo nilitaka uniangalilie wangu."